Ubao Mmoja Zaidi

Jumamosi, Machi 2

Mke wangu ameondoka leo saa tatu asubuhi kwenda kwa dada yake. Atafanyiwa operesheni ya nyonga na kukaa huko mpaka aweze kutembea. Kaniachia vitu vitatu: daftari hili, karatasi ya maelekezo, na Soksi.

Alifundisha shule miaka thelathini na moja, na hajui njia nyingine ya kumwachia mtu kazi. "Andika kila siku," kasema akiwa ameshakaa kwenye gari. "Na uandike ukweli, fundi. Nikirudi nitasoma."

Soksi ni farasi wa aina ile fupi, ana miaka miwili, wa kahawia na mguu mmoja mweupe. Mama yake alikufa siku ya tatu baada ya kumzaa, mke wangu akamlea kwa chupa jikoni kwetu kama mjukuu. Mimi sikuwahi kushughulika naye. Mimi ni seremala. Mnyama niliyemzoea ni mchwa.

Karatasi ina maelekezo kumi na moja, kwa mwandiko wa ubaoni. Nimeitengenezea fremu ya mbao ngumu, kioo mbele, ubao nyuma, nikaipigilia bandani kwa misumari minne. Karatasi ya mke wangu haiwezi kuning'inia kwenye msumari kama risiti. Sitamwambia kwenye simu, ataiona mwenyewe akirudi.

Jumapili, Machi 3

Amekula. Amekunywa. Kwato zimesafishwa (namba 4). Mimi nimekula nimesimama.

Jumatatu, Machi 4

Kama jana.

Jumatano, Machi 6

Operesheni imekwisha salama. Shemeji kapiga simu saa saba. Nilikuwa nimeshika randa, nikaiweka chini, nikakaa juu ya magogo bila kufanya lolote kwa muda mrefu. Kumbe nilikuwa na hofu kuliko nilivyodhani.

Soksi amekula. Mawingu yanajikusanya.

Jumamosi, Machi 9

Soksi karuka ua.

Ua ule niliujenga mwenyewe, futi tatu, nguzo zimechimbiwa na mbao zimelala sawasawa. Saa kumi na moja jioni nilikuwa karakanani nikasikia kwato zinapiga ardhi mara moja, puu, halafu kimya. Nilipotoka, kiwanja cha nyuma kilikuwa kitupu.

Nusu saa baadaye mama mmoja mwenye debe la unga kichwani akamrudisha, kamshika kwa kamba ya gunia. "Alikuwa mashineni," kasema. "Mwenye Mashine kasema nikuletee."

Lazima nieleze, ingawa wewe, mke wangu, unajua. Mwenye Mashine ana mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara kuu, hatua mia nne kutoka kwetu. Sijakanyaga kwake miaka tisa. Nilimtengenezea mlango wa mbele, ukapinda, naye akasema mbele ya foleni ya wateja, "Mlango umenuna kuliko fundi wake." Watu wakacheka wiki nzima. Mpaka leo anaufunga kwa kuuegemezea jiwe.

Nimeongeza ubao mmoja juu. Futi tatu na nusu.

Jumapili, Machi 10

Amekula. Nimekula nimesimama. Mke wangu kapiga simu, sauti ndogo, anamuulizia Soksi.

"Mwanangu hajambo?"

"Hajambo."

"Unafuata karatasi?"

"Herufi kwa herufi."

Yote kweli.

Alhamisi, Machi 14

Mvua ya kwanza. Hakuna jipya.

Jumamosi, Machi 16

Karuka tena. Saa kumi na moja. Kaenda kulekule. Safari hii karudishwa na mwendesha bodaboda, anamvuta taratibu huku injini inakohoa, watoto wa mtaa mzima nyuma yao kama harusi.

Nimefikiri na nimepata jibu: pumba. Mwenye Mashine anamwekea pumba mlangoni. Ananichezea mtu huyu. Hakutosheka kunicheka kwa mlango, sasa ananicheka kwa farasi.

Ubao mmoja zaidi. Futi nne kamili.

Jumatatu, Machi 18

Amekula vizuri. Nimemtazama leo kwa nusu saa. Saa kumi hivi anaanza kutembea kandokando ya ua, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, masikio yameelekea barabarani. Ameshakata njia kwenye majani.

Saa hizo ndizo wewe ulikuwa ukitoka naye kwenda kupiga soga. Sikuwahi kuuliza mnakwenda wapi. Nilikuwa na msumeno masikioni.

Ijumaa, Machi 22

Karuka futi nne. Nimemwona kwa macho yangu. Alirudi nyuma hatua kama kumi, akapima, akaja. Miguu ya mbele akaikunja vizuri chini ya kifua, hakugusa hata unyasi. Nikiwa mkweli, ilikuwa kazi safi. Ningekuwa si mwenye ua ningepiga makofi.

Lori lilipiga honi barabarani. Nikakimbia mpaka getini, lakini alishavuka.

Ubao mmoja zaidi. Futi nne na nusu. Mbao zinaniishia.

Jumatatu, Machi 25

Kaja bwana mifugo wa halmashauri na pikipiki yake na karatasi yenye muhuri. Ni kijana mpole, viatu vina matope, anaongea kama anasoma.

"Mzee, mnyama wako ameripotiwa barabarani mara tatu. Dereva mmoja nusura apinduke. Akikutwa tena, tunamchukua. Zizi la halmashauri siku saba, halafu mnada."

"Si wangu," nikasema. "Ni wa mke wangu."

"Basi mwambie mama."

"Mama kafanyiwa operesheni ya nyonga."

Akatazama ua, akatazama juu, akahesabu mbao kwa kidole. "Na hii anaruka?"

"Ataruka."

"Mh," kasema. Kanipa karatasi nitie sahihi.

Nimeiweka chini ya sanduku la misumari. Jioni mke wangu kapiga simu, ameanza kutembea na magongo mawili mpaka dirishani. Kauliza, "Mwanangu hajambo?" Nikasema hajambo. Sikusema mengine. Hapa naandika kwa sababu hapa niliambiwa niandike ukweli. Kwenye simu hakuna aliyeniambia hivyo.

Nikimpoteza farasi huyu sitajua nimweleze mke wangu nini. Alilala jikoni sakafuni miezi miwili kwa ajili yake, mwanamke wa miaka sitini na mbili.

Jumatano, Machi 27

Hakuna jipya. Mvua.

Ijumaa, Machi 29

Daktari wa mifugo kaja kumpa dawa ya minyoo (namba 10). Ni binti mrefu, mcheshi mno kwa kazi yake. Aliposhuka tu kwenye gari akaona ua.

"Mzee, hii ni ya farasi au ya twiga?"

Nikamweleza. Futi tatu, karuka. Tatu na nusu, karuka. Nne, karuka. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Unajua wanavyowafundisha farasi wa mashindano? Unamwekea ubao. Akiruka, unaongeza kidogo. Akiruka tena, unaongeza kidogo. Mzee wangu, wewe umemfundisha! Ungeanza na futi tano siku ya kwanza asingejaribu."

Sikucheka. Mbao nilizokausha kiangazi kizima nimezitumia kumpa shule.

"Lakini kuna kinachomwita huko nje," kasema akifunga mkoba. "Farasi haruki bure. Anaruka *kwenda*. Mtafute huyo anayemwendea."

"Pumba," nikasema.

Kaniangalia kama nimesema neno la kilugha.

Jumapili, Machi 31

Nimevunja namba 9, "Usimfunge kamba." Nimemfunga kamba. Ni ndefu, ya katani, nguzo ya katikati. Bwana mifugo hatamkuta barabarani.

Jumatatu, Aprili 1

Majani hajagusa. Maji kidogo.

Jumanne, Aprili 2

Hajala. Amesimama kwenye mvua ingawa banda liko wazi na kamba inafika. Nimemletea karoti, nimemletea mkate, nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la mwalimu. Mimi pia sikula.

Jumatano, Aprili 3

Nimemfungua. Shingo imechubuka. Samahani.

Amekula. Nimeketi juu ya ndoo karibu naye tangu saa tisa mpaka giza likaingia, na hakuruka. Yaani nikiwa nimekaa naye, haruki. Karakana imesimama. Nina madirisha sita ya watu.

Ijumaa, Aprili 5

Ndoo. Hakuruka.

Jumamosi, Aprili 6

Ndoo. Hakuruka. Mgongo unauma. Nimekula hapohapo, naye akanisaidia mkate.

Jumanne, Aprili 9

Ndoo. Mwenye madirisha kaja na maneno makali. Nimemwahidi Ijumaa.

Ijumaa, Aprili 12

Leo nitaandika kirefu.

Mvua ilianza saa sita na haikukatika. Nilikuwa karakanani nikimalizia madirisha, nikasema mvua hii hata mwendawazimu hataruka. Saa kumi na moja kamili nikasikia mti ukipasuka. Najua sauti ya ubao ukivunjika, ni kazi yangu, na ule ulikuwa ubao wa juu.

Ulikuwa vipande viwili chini na damu kwenye kimoja. Ardhi ilikuwa tope, mguu uliteleza alipokuwa anaruka. Lakini alivuka. Nilikimbia na aproni na ndala, ndala moja ikabaki kwenye tope, sikuirudia. Mvua ilikuwa nzito hata barabara sikuiona, niliisikia tu: lori, honi ndefu, na matairi yakilia.

Nilipofika lilikuwa limesimama mshazari, limejaa mchanga. Katikati ya barabara, hatua mbili mbele ya bampa, amesimama Mwenye Mashine na mikono ameitanua. Alikuwa mweupe wa unga kutoka kichwani mpaka viatuni, na mvua ilikuwa inamgeuza donge la ugali. Nyuma yake Soksi, mguu wa mbele unachuruzika damu, anatembea zake kuelekea mashineni kama mtu aliyechelewa kazini. Na barazani, amejikinga mvua, kofia ya pikipiki bado kichwani, amesimama bwana mifugo.

Nikasema moyoni, basi, ameshakwenda.

Bwana mifugo akatoa kijitabu chake, akakifunika kwa koti kisilowe.

"Mara ya nne," kasema. "Amekutwa barabarani."

"Nani kakutwa barabarani?" Mwenye Mashine akamkatiza, anahema. "Umenikuta mimi. Yeye alikuwa nyuma yangu."

"Mzee, nimeona kwa macho."

"Basi andika ulichoona. Andika mwenye mashine ya kusaga alikutwa katikati ya barabara. Nipeleke mimi zizini. Mnada mtapata wapi mtu wa kuninunua, sijui."

Wateja wakacheka. Dereva wa lori akacheka, nadhani ni kwa kuwa alikuwa bado mzima. Bwana mifugo akatazama kijitabu, akatazama mvua, akakirudisha mfukoni. "Mpaka mwisho wa mwezi," kaniambia mimi. "Nikisikia tena hapana mazungumzo."

Nikaingia mashineni kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Soksi alikuwa nyuma, uani, chini ya bati, ameweka shingo yake juu ya shingo ya punda mzee wa Mwenye Mashine, yule aliyekuwa akivuta mkokoteni wa magunia kabla hawajanunua pikapu. Wote wawili macho nusu. Hapakuwa na pumba popote.

"Mbona uliacha kumleta?" Mwenye Mashine kaniuliza, anajipangusa uso.

"Kumleta wapi?"

"Hapa. Mama humleta kila siku saa kumi na moja, tangu akiwa kitoto. Wanakaa na punda saa nzima, mama anakunywa chai, anarudi. Alipoondoka tukangoja. Punda akawa analia kila jioni. Tukasema, fundi kakataza kwa ajili ya mlango. Nilitaka kumpigia mama simu, nikasema mgonjwa asisumbuliwe."

"Haimo kwenye karatasi," nikasema.

"Karatasi gani?"

"Ya maelekezo. Kaniandikia kumi na moja. Nimefuata yote. Haimo."

"Mimi sijui karatasi," kasema. "Najua punda."

Daktari alikuja kushona mguu, nyuzi saba, na safari hii hakucheka. Tukamwacha Soksi alale hukohuko. Nikarudi nyumbani na ndala moja.

Banda lilikuwa linavuja. Maji yalikuwa yameingia kwenye fremu, wino wa namba 3 umeanza kukimbia. Nikang'oa misumari, nikafungua ubao wa nyuma ili nikaushe karatasi. Upande wa pili umeandikwa.

Na kwenye kona ya chini ya upande wa mbele, pale ukingo wa fremu ulipolalia, kuna mshale mdogo na maneno: "Endelea nyuma."

Nanakili kama yalivyo.

12. Kila siku saa kumi na moja mpeleke mashineni akae na punda. Hawa hawaishi peke yao. Asipokwenda ataruka.

13. Mkivuka barabara shika hatamu fupi.

14. Usile umesimama.

15. Ukifika mashineni usimwache farasi ukaondoka. Kaa. Ongea na Mwenye Mashine, si mtu mbaya. Nawe huwezi kukaa peke yako, ila wewe huruki, unanyamaza tu.

Nilisoma mara nne. Kisha nikalia. Niliambiwa niandike ukweli.

Jumamosi, Aprili 13

Nimekwenda mashineni saa kumi na moja. Nimekaa.

Jumapili, Aprili 14

Nimekaa. Chai yake ina sukari kupita kiasi. Kaniambia mimi nimejaa chumvi, tunalingana.

Jumatano, Aprili 17

Nimemwambia Mwenye Mashine jambo nililokuwa sijamwambia mtu. Mbao za mlango wake zilikuwa mbichi. Nilijua. Nilikuwa na kazi nyingi mwezi ule, nikasema zitakaukia hukohuko.

Kanywa chai yake kwanza.

"Nilijua pia," kasema. "Mlango ulikuwa unanukia msitu. Nilingoja tu uje useme, nikakucheka kidogo ili uje upesi."

"Miaka tisa."

"Sikujua kama wewe ni mgumu hivyo."

Jumamosi, Aprili 20

Soksi karudi nyumbani. Anachechemea kidogo. Saa kumi na moja nimempeleka, hatamu fupi (namba 13).

Jumatatu, Aprili 22

Nimeng'oa mbao mbili za juu; wa tatu ndio ule uliovunjika. Ua umerudi futi tatu. Mtu anaweza kuona nje.

Alhamisi, Aprili 25

Hajaruka. Amekula. Nimekula nimekaa, ingawa kiti kimoja mezani ni kitu cha ajabu.

Jumanne, Aprili 30

Bwana mifugo kapita. Kaona ua, kashtuka, katoa kijitabu. Nikamwambia angoje saa kumi na moja. Kangoja. Kanifuata mpaka mashineni akiendesha pikipiki mwendo wa miguu, kamwona farasi na punda, kanywa chai. Karatasi yake nimeitoa chini ya sanduku la misumari, kaichana mwenyewe.

Jumamosi, Mei 4

Mlango mpya umesimama mashineni. Mbao zilikaa karakanani miaka miwili, kavu kama biskuti. Mwenye Mashine kaufunga na kuufungua mbele ya foleni nzima, mara kumi, anatafuta kosa. Jiwe kalitupa kwenye mtaro.

Jumatano, Mei 8

Mvua zinapungua. Mbao nilizong'oa kwenye ua nimezitengenezea benchi, liko uani mashineni, chini ya bati. Nimelipima kwa kimo cha mtu anayeinuka kwa shida.

Alhamisi, Mei 16

Anarudi keshokutwa. Nimefikiria kuchana kurasa. Sikuchana, alikwisha kuzitia namba.

Jumamosi, Mei 18

Kafika. Amekonda. Anatembea na gongo moja, anakanyaga kama anapima utelezi, na kabla hajaingia ndani akazunguka nyuma ya nyumba. Soksi akaja mbio mpaka kwenye ua. Hakuruka. Alisimama, akaweka kichwa juu ya ubao wa juu, akamnusa usoni, gongo, mifukoni.

Kisha akaona kovu. "Na hii?"

"Imeandikwa," nikasema.

"Lete daftari."

Saa kumi na moja tukaenda wote, polepole, mapumziko mawili njiani. Akakaa kwenye benchi. Mwenye Mashine akamletea chai, akaanza kumsimulia habari za lori, na kila alipozirudia ndala zangu zilizidi kupungua.

Jumapili, Mei 19

Daftari nimelikuta mezani asubuhi, yeye bado amelala. Kalisoma lote kwa kalamu nyekundu. Kila "nimekula nimesimama" kaizungushia duara. Kwenye Machi 10, pale niliposema "Yote kweli," kaweka alama ya kuuliza, kubwa. Machi 31 hakuandika kitu, ila karatasi ina alama ya tone lililokauka. Kwenye "mnyama niliyemzoea ni mchwa" kaweka vema.

Mwisho wa ukurasa wa jana kaandika: "Ua: 9/10. Fremu: 10/10. Kusoma: 11/15." Chini yake, kwenye kona, mshale mdogo.

"Endelea nyuma."

Nikageuza palepale, mkate mkononi. Ukurasa wote ni mweupe, isipokuwa katikati neno moja jekundu:

"Umekaa?"

Nikavuta kiti.